Mikoko Tuulizwe, Mkopo Tufichwe?

Kauli imezoeleka hadi imeanza kufanana na ukweli: ushirikishwaji wa umma unachelewesha maendeleo. Utaisikia kwa waziri anayezindua barabara, kwa mwekezaji mwenye kesi, na kwa mchambuzi wa kurasa za biashara. Siku hizi utaisikia hata kwa kijana asiye na kazi aliyeambiwa kwamba ajira yake imekwama mahakamani. Januari 2024, Rais William Ruto wa Kenya aliwashambulia hadharani baadhi ya majaji, akidai wanashirikiana na watu wanaotaka kuangusha miradi ya serikali yake. Hakuwa wa kwanza kulisema hilo. Alikuwa tu na kipaza sauti kikubwa kuliko wenzake.

Kauli hiyo haistahili kujibiwa kwa kejeli, maana ina uzito wake. Mkopo wa ujenzi huzaa riba hata tingatinga likiwa limezimwa. Mwekezaji akichoshwa na kesi anaweza kufunga virago akaenda Addis Ababa au Kigali. Tena wanaoitetea huongeza mengine: kwamba mwananchi wa kawaida hana ujuzi wa kupima mtambo wa umeme, kwamba wabunge tuliwachagua watuamulie mambo kama haya, na kwamba mikutano yenyewe hutekwa na wanaharakati wa kulipwa. Ukiziweka pamoja, hoja hizi zinaonekana kama ukuta. Lakini ukizipitisha katika miradi halisi ambayo Wakenya wameiona kwa macho, ukuta huo hauna hata tofali moja lililokaa sawa. Kinachochelewesha miradi yetu ni ushirikishwaji wa uongo. Ule wa kweli haujawahi kupewa nafasi ya kutosha hata ukalaumiwa.

Tuanze na muda, na tuanze Lamu, kwa kuwa ndiyo kesi inayonyooshewa kidole zaidi. Kampuni ya Amu Power ilikusudia kujenga mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi, upande wa bara, kama kilomita 20 kutoka Mji Mkongwe wa Lamu ambao UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Gharama ilikadiriwa kufikia dola bilioni 2. Septemba 2016 Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ilitoa leseni. Shirika la wenyeji la Save Lamu na wakazi kadhaa wakakata rufaa mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira. Tarehe 26 Juni 2019, jopo likaifuta leseni.

Wanaolaumu wananchi husimulia mpaka hapo, kisha hunyamaza. Hawasemi leseni ilifutwa kwa nini. Jopo halikusema kwamba makaa ya mawe ni haramu, wala halikumzuia mwekezaji asirudi tena na maombi mapya. Lilichokikuta ni kwamba mikutano iliyofanywa ilikuwa ya utangulizi. Watu waliitwa wakaambiwa mradi unakuja, wakati ambapo utafiti wa athari zake haujakamilika. Utafiti ulipokamilika, yaani siku ambayo hatimaye kulikuwa na jambo la kushauriana, watakaoathirika hawakurudiwa kwa mashauriano ya maana. Waliulizwa kabla ya kuwapo cha kujibu, na jibu lilipopatikana hawakuulizwa. Jopo liliona pia kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 haikuzingatiwa ipasavyo, na hilo ni jambo zito kwa mradi wa makaa ya mawe.

Sasa tazama sheria ilikuwa ikitaka nini. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi abandike matangazo mahali pa wazi, achapishe tangazo gazetini kwa wiki mbili mfululizo, atangaze redioni kwa lugha rasmi na kwa lugha ya wenyeji, na afanye mikutano isiyopungua mitatu na wale watakaoguswa na mradi. Hiyo ni kazi ya miezi michache. Kesi iliyozaliwa kwa kuikwepa kazi hiyo ilikula karibu miaka mitatu. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: sheria uliyoikwepa asubuhi utaikuta jioni, na safari hii imekuja na mawakili. Anayetaka kumtafuta aliyechelewesha mradi wa Lamu asiende gatini kwa wavuvi. Aende ofisini kulikotiwa saini ile leseni.

Kuna upande wa pili wa hesabu hii ambao hautajwi kabisa. Mwaka 2019, mahitaji ya juu kabisa ya umeme nchini Kenya hayakufika megawati 2,000. Mtambo mmoja wa Kwasasi ungekuwa sawa na zaidi ya nusu ya mahitaji hayo. Mkataba wa kununua umeme wake ulikuwa wa miaka 25, na katika mikataba ya namna hiyo mnunuzi hulipia uwezo wa mtambo hata siku ambazo hakuchukua umeme wenyewe. Mnunuzi ni Kenya Power, lakini anayelipa mwishowe ni mwenye mita, pamoja na mama lishe anayenunua tokeni za shilingi 50. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilijitoa mwaka 2019, na benki ya ICBC ya China ikafuata mwaka 2020. Wenye fedha walipoukagua tena, waliuona mradi kuwa mzigo. Basi huo unaoitwa ucheleweshaji uliiokoa nchi isilipie robo karne umeme isiouhitaji. Gharama ya kusubiri inajulikana na inatangazwa kila siku. Gharama ya kutosubiri haina msemaji, maana wa kuilipa hawajazaliwa.

Atakayesema kwamba Lamu ni kisa cha makaa ya mawe na kwamba nishati safi ingepokewa kwa vigelegele, atazame Kinangop, Kaunti ya Nyandarua. Huko kulikuwa na mradi wa upepo wa megawati 60.8, usio na moshi wala jivu. Wenyeji walikuwa na maswali kuhusu ardhi, fidia na afya zao, na hawakuridhika na majibu. Yakaja maandamano, yakageuka vurugu, na Februari 2016 wawekezaji wakatangaza kwamba mradi umekufa. Haukuangushwa mahakamani. Fedha zilikuwapo na leseni ilikuwapo, hata upepo wenyewe ulikuwapo. Kilichokosekana ni ridhaa ya watu waliokuwa waishi chini ya zile panga. Huo ndio uendelevu ambao wahandisi wetu huusahau: mradi unaweza kuwa safi kwa anga na bado usidumu, kwa sababu ardhi unayosimama juu yake ina wenyewe.

Twende kwenye ujuzi. Wanasema mvuvi hajui lolote kuhusu megawati, na ni kweli. Lakini mhandisi kutoka Nairobi naye hajui kwamba miezi ya kusi, bahari kuu inapochafuka, mwenye dau au ngalawa hathubutu kutoka nje, na riziki yake yote huwa ndani ya mikondo iliyokingwa na visiwa na mikoko. Ukichimba mkondo huo ili meli kubwa zipite, umemfungia bahari mtu ambaye hana bahari nyingine kwa karibu nusu mwaka. Maarifa haya hayamo kwenye picha za setilaiti. Yamo vichwani mwa watu wanaodaiwa kwamba hawaelewi.

Bandari ya Lamu ilianza kujengwa bila kuyatia maanani, na bili ikaja. Mwaka 2018, majaji watano wa Mahakama Kuu waliamua kwamba haki za wavuvi hao na haki ya umma ya kushirikishwa zilikiukwa, wakaagiza walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Wavuvi walikuwa takriban 4,600. Wala bandari haikuzuiwa: gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Wavuvi hawakuwa wakidai meli zisije. Walikuwa wakidai wahesabiwe kabla ya tingatinga, kwa bei ambayo bila shaka ingekuwa nafuu kuliko hiyo.

Mfano mchungu zaidi uko Mombasa. Katika kitongoji cha Owino Uhuru kiliwekwa kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi kutoka kwenye betri kuukuu, ubavuni mwa nyumba za watu wapatao 3,000. Mama aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, Phyllis Omido, aligundua kwamba mwanawe mchanga ana sumu ya risasi mwilini, akaanza kuuliza. Wataalamu na mihuri yao walikuwapo muda wote huo. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, uamuzi huo ukapingwa katika rufaa, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Miongoni mwa waliobebeshwa lawama ni taasisi za serikali, maana yake sehemu ya bili hiyo itatoka kwa mlipa kodi. Je, kuwauliza wakazi mapema, kwa Kiswahili, kama wanakubali kuishi jirani na tanuri la risasi kungegharimu bilioni moja?

Hoja ya uwakilishi ndiyo inayovaa joho la demokrasia. Tumewachagua wabunge na madiwani, kwa hiyo tuwaache wafanye kazi. Tuikumbushe historia. Mwaka 1989, serikali ya chama kimoja na mshirika wake wa kibiashara walitaka kuinua jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Wangari Maathai alipinga. Bunge lilikuwapo wakati huo, na wawakilishi wa wananchi walikuwa viti vyote wamevikalia. Walimkejeli. Alipokwenda Mahakama Kuu, kesi ikatupwa kwa maelezo kwamba yeye binafsi hakuwa na haki ya kushtaki, kwani bustani haikuwa yake. Jumba lile halikujengwa, kwa sababu kelele zake ziliwafanya wenye fedha wajiulize upya. Uhuru Park ipo hadi leo, na hakuna mbunge wa miaka ile anayeweza kusimama akasema ni yeye aliyeiokoa.

Sheria zetu zilijifunza kutokana na aibu hiyo. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 iliondoa sharti kwamba lazima uwe umeumia wewe mwenyewe ndipo usikilizwe, na Katiba ya 2010 ikalikazia jambo hilo katika ibara ya 70. Ibara ya 10 ikaufanya ushirikishwaji wa wananchi na maendeleo endelevu kuwa maadili ya taifa, ndani ya orodha moja. Kuwekwa pamoja huko kuna mantiki yake. Mbunge ana miaka mitano, mkataba wa umeme una 25, na jivu la makaa ya mawe halijui uchaguzi. Jambo ambalo madhara yake yanazidi muhula wa mwakilishi haliwezi kumalizwa na mwakilishi peke yake.

Majirani zetu wa Tanzania nao waliliona hili, kisha wakaliona nusu. Sheria yao ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji, wala si viongozi wachache, uwezo wa kukubali au kukataa ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 ihamishwe kwa matumizi mengine. Eneo likizidi hapo, kijiji kinabaki na mapendekezo tu na uamuzi unakwenda juu. Yaani kadiri wanachopoteza wanakijiji kinavyokuwa kikubwa, ndivyo neno lao linavyokuwa dogo. Huo ndio upotofu wenyewe, umeandikwa kwa wino wa sheria.

Nakiri kwamba hoja ya utekaji ina chembe ya ukweli. Wapo madalali wa mikutano. Wapo wanasiasa wanaochochea kwa sababu kandarasi imempita binamu yao. Wapo wanaosafirishwa kwa basi, wakapewa nauli, soda na tisheti, wakaja kupiga makofi au kuzomea kadiri ya aliyewaleta. Lamu yenyewe haikuwa na sauti moja: walikuwapo Wanalamu walioutaka mtambo kwa ajili ya kazi, na haki yao ya kusikilizwa ni sawa na ya wale walioukataa. Lakini dawa ya ugonjwa huu haipatikani kwa kufunga mlango. Mchochezi hustawi pale ambapo ripoti haijasomwa na yeyote. Watu wakiwa na karatasi mkononi, kwa lugha yao, yenye kiasi cha maji yatakayomwagwa baharini na idadi ya kazi zitakazobaki ujenzi ukiisha, mwongo hupata taabu. Wakiwa mikono mitupu, atakayesema kwa sauti kubwa ndiye mtaalamu. Tena tukumbuke kwamba nauli na tisheti mara nyingi hutoka kwa mwenye mradi. Anayeununua mkutano hana haki ya kulalamika kwamba mikutano inanunuliwa.

Sasa niseme jambo ambalo hata sisi watetezi wa ushirikishwaji tumelikwepa. Tumeuachia umma chumba cha mazingira, tukaufungia chumba cha fedha. Mwananchi anaitwa kuzungumzia mikoko, samaki, vumbi na kelele. Haitwi kuzungumzia mkopo, riba, dhamana ya serikali wala bei ya umeme. Ni kana kwamba mkataba wa kiuchumi ni siri ya watu wazima, na mazingira ndiyo mchezo waliotengewa wengine. Matokeo yake tuliyaona kwenye reli ya SGR. Reli ilijengwa, treni zikaanza kubeba abiria mwaka 2017, deni likaanza kulipwa, na mikataba yake ikabaki kabatini. Ilibidi wanaharakati wawili waende Mahakama Kuu ya Mombasa, na Mei 2022 mahakama ikaamuru wapewe taarifa hizo chini ya sheria ya haki ya kupata habari ya mwaka 2016. Ni baada ya uchaguzi wa mwaka huo ndipo serikali mpya ilipotoa sehemu ya mikataba hiyo. Wananchi walionyeshwa bei ya kitu walichokuwa wanakilipia tayari.

Utengano huu hauna msingi katika sheria wala katika maisha. Deni lisilolipika huzaa uharibifu wa mazingira, kwa sababu serikali iliyobanwa na wadai hugawa vibali vya migodi na misitu bila kuuliza maswali mengi. Na mazingira yaliyoharibika huzaa deni, kama fidia za Lamu na Owino Uhuru zinavyoonyesha. Uendelevu ni hesabu moja yenye safu mbili, na anayetaka umma ukague safu moja tu anataka hesabu isiangaliwe.

Tumeona pia kinachotokea umma unapoalikwa kwenye chumba cha fedha kwa jina tu. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipelekwa kwa wananchi, na maoni yakapokewa. Tarehe 25 Juni vijana waliingia ndani ya Bunge, watu wakauawa kwa risasi, na siku iliyofuata rais akakataa kuutia saini. Hakuna mradi uliocheleweshwa na mashauriano uliowahi kuigharimu nchi kama siku ile moja. Miezi michache baadaye, Oktoba 2024, Mahakama ya Juu ikiamua kesi ya Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilisema kwamba Bunge halifungwi na sharti la wazi la kutoa sababu za kuyakubali au kuyakataa maoni ya wananchi, ingawa kufanya hivyo ni desturi njema. Kwa heshima zote kwa majaji, hapo ndipo waliposhikilia kamba upande usiofaa. Ushirikishwaji usio na jibu ni sanduku la maoni. Mtu aliyetoa hoja yake akakataliwa kwa sababu anaweza kuvumilia, hata kesho akarudi. Aliyekataliwa kwa kimya atatafuta mahali pengine pa kusikika, na Juni ile tulipaona mahali hapo.

Kwa hiyo anayetaka miradi iende haraka anayo njia, na haipiti kwenye kuwashambulia majaji. Ripoti ya athari iwafikie watu kabla ya mkutano, ikiwa na muhtasari wa Kiswahili na wa lugha ya wenyeji, siyo siku yenyewe huku maturubai yakifungwa. Mikutano ifanyike baada ya utafiti na isimamiwe na mtu asiyelipwa na mwenye mradi. Masharti makuu ya mkataba, yaani muda, bei, dhamana na anayebeba hasara, yawekwe mezani pamoja na habari za mikoko. Na baada ya yote, mamlaka itoe waraka mfupi unaosema: tulisikia haya, tumekubali haya, tumekataa haya kwa sababu hizi. Bunge lisisubiri kulazimishwa. Sheria ya kitaifa ya ushirikishwaji wa umma imezungumzwa kwa miaka mingi, na sharti la kutoa sababu lingekuwa ibara yake ya kwanza.

Wale wanaosema haya yote yanachukua muda wana wajibu mmoja ambao hawajautimiza. Watuonyeshe mradi mmoja mkubwa nchini ambao ripoti yake ilisambazwa mapema, mkataba wake ukawekwa wazi, watu wakajibiwa kwa maandishi, na bado ukaangushwa mahakamani kwa sababu wananchi walishirikishwa kupita kiasi. Mimi nimewaonyesha iliyoanguka kwa sababu hawakushirikishwa, pamoja na bili zake. Hadi watakapouleta mradi huo, waache kumlaumu mvuvi, na hesabu ya miaka iliyopotea waipeleke kwa waliotia saini.